Tuulize Wazee Wangali Hai



Watoto, mkipata sarafu ya yuro iliyotoka Ireland, igeuzeni mtaona kinubi. Nchi imekiweka kwenye fedha zake, lakini namna ya kale ya kukipiga ilikatika. Naomba tutazame ilikatika vipi, maana na sisi yanatuhusu.

Kinubi hicho, kilichopigwa tangu Zama za Kati, kilikuwa na nyuzi za waya. Waya ukiguswa hulia kwa muda mrefu, kwa hiyo mpigaji alitakiwa kujua uzi gani auzime kwa kidole na upi auache ulie. Mwanafunzi aliyajua hayo kwa kukaa na mwalimu, akitazama na kusahihishwa.

Julai 1792 wapigaji waliitwa katika mji wa Belfast. Wa Ireland waliofika walikuwa 10 tu. Kati yao ni mzee mmoja, Denis Hempson, aliyekuwa bado anapiga kwa kucha kama watu wa zamani. Alisemekana kuwa na miaka 97. Kijana wa miaka 19, Edward Bunting, alipewa kazi ya kuandika muziki wao. Aliokoa mengi, tumshukuru. Lakini aliandika sauti, maneno akayaacha, na kitabu chake cha 1796 akakipangia piano. Mwaka 1802 ikabidi mtu mwingine, Patrick Lynch, azunguke vijijini kutafuta maneno ya nyimbo kwa lugha ya wenyeji.

Leo wapo wanaojifunza upya. Wanachonga vinubi kwa kufuata vile vya makumbusho, wanasoma daftari za Bunting, wanajaribu kupiga kwa kucha. Nawaheshimu sana. Ila wanahangaika miaka na maswali ambayo mzee Hempson angeyajibu kwa kunyoosha mkono tu, naye alifariki 1807.

Baadhi yetu wazazi husema: "Vitabu vya Kiswahili vipo, simu zinarekodi, mtoto atajifunza akikua." Mimi sikubali. Kurekodi ni kuzuri, lakini simu haimwambii mtoto, "Hapana mjukuu wangu, hatusemi hivyo." Bibi ndiye anayemwambia, na bibi hatusubiri.

Basi wiki hii kila mtoto ampigie simu bibi, babu au shangazi. Aombe kitendawili kimoja au wimbo mmoja wa kubembeleza mtoto. Aurudie mpaka aambiwe, "Hapo sawa." Kisha aandike maneno yote, aulize maana yake na huimbwa wakati gani, na aweke jina la aliyemfundisha. Mzazi, kaa karibu, lakini usimjibie.

Jumamosi tutasikilizana darasani. Asiye na bibi aje kwangu, tutamtafutia mzee hapa hapa mjini. Wapo, na wengi wao simu zao hazilii siku nzima.