Tahadhari kwa Wanaouguza Nyumbani: Alama Isiyofutika Ngozini

Kama nyumbani kwako kuna mtu aliyepooza, anayeshinda kwenye kiti cha magurudumu au asiyeweza kujigeuza kitandani, kagua ngozi yake leo. Kidonda cha mgandamizo huweza kuanza ndani ya saa chache tu, na aliyepoteza hisia hasikii maumivu yoyote ya kumtahadharisha.

Nyama ikibanwa kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, na nyama hufa. Mara nyingi huanza kuoza ndani, karibu na mfupa, hivyo doa dogo la juu laweza kuficha shimo kubwa. Vijidudu vikiingia kwenye mfupa au damu, mgonjwa anaweza kufa. Mwigizaji Christopher Reeve, aliyepooza mwaka 1995 baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi, alifariki Oktoba 2004 akiwa katika matibabu ya kidonda cha aina hiyo.

Tazama na uguse matako, kiuno kwa chini, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega na kisogo. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tafuta sehemu iliyokolea weusi au zambarau, yenye joto, ngumu au iliyovimba kuliko ngozi inayoizunguka. Ukiondoa uzito na nusu saa ikapita bila alama kufifia, kidonda kimeshaanza.

Usiisugue wala kuikanda sehemu hiyo. Usipake spiriti, majivu wala dawa ya meno. Usimkalishe juu ya ngata ya nguo au mpira wa tairi ukidhani unamsaidia: duara hilo hubana damu pande zote na kuongeza madhara.

Dawa ya kwanza ni kuondoa uzito. Mgeuze kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Daktari Ludwig Guttmann aliusimamia utaratibu huo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, kuanzia mwaka 1944, wakati ambapo wengi waliovunjika uti wa mgongo walikuwa wakifa kwa vidonda na maambukizi ya mkojo. Aliye kwenye kiti ajiinue au ainamie mbele angalau kila nusu saa. Weka mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Mnyanyue, usimburute. Nepi ikilowa, ibadilishe mara moja na umkaushe.

Ndugu, msimwachie mama au dada mmoja kazi hii. Gawaneni zamu za usiku, kwa sababu anayeuguza akizidiwa na usingizi, mgonjwa hulala upande mmoja hadi asubuhi.

Ngozi ikipasuka, au ukiona usaha, harufu mbaya au homa, usingoje kesho. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.