Kabla ya kukata chupa, uliza ilibeba nini

Chupa tupu ya soda au bia ikikatwa vizuri inakuwa glasi au chombo cha maua. Lakini kwetu Geita na Kahama, mzazi aanze na swali moja: chupa hii ilibeba nini? Zebaki ya kukamatia dhahabu mara nyingine hutunzwa kwenye chupa za kawaida. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, na hudhuru ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni. Usidhani kuiosha kunatosha. Kama hujui chupa ilikotoka, iache.

Ukiwa na chupa salama, vaa miwani ya kujikinga, glovu na viatu vya kufunika. Watoto wakae mbali. Chora mstari mmoja kwa kikatio cha kioo, mwagia maji ya moto, kisha ya baridi, mpaka iachie. Sugua ukingo kwa msasa uliolowa, maana vumbi kavu la kioo huingia machoni na kifuani. Chembe zifute kwa gazeti lililolowa.

Mwisho, pitisha kitambaa ukingoni. Kikinasa, hiyo si glasi ya kunywea, weka maua.