Mzigo wa tovuti nzito usiachiwe mnunuzi wa bando

Kila mjadala kuhusu gharama ya intaneti unapozuka humu nchini, lawama huelekezwa kwa kampuni za simu na kwa Hazina ya Kitaifa. Lawama hizo zina msingi. Sheria ya Fedha ya mwaka wa 2018 iliziwekea huduma za data ushuru wa asilimia 15, ukapandishwa hadi asilimia 20 mwaka wa 2021, kabla ya kurejeshwa asilimia 15 mwaka wa 2023. Hata hivyo, kuna mhusika wa tatu ambaye ni nadra kutajwa, naye ni mwenye tovuti. Ndiye anayeamua iwapo ukurasa utamfikia msomaji ukiwa umebanwa au ukiwa mzima, na uamuzi wake hulipiwa na bando la mtu mwingine.

Ufundi wenyewe si mpya. Mnamo mwaka wa 1977 wataalamu wawili wa Israeli, Jacob Ziv na Abraham Lempel, walichapisha mbinu ya kufupisha data kwa kutorudia lililokwisha kuandikwa: neno linapojitokeza tena, kompyuta huandika tu umbali wa kurudi nyuma na idadi ya herufi za kunakili. Chukua orodha ya vituo vya kupigia kura. Jina la kaunti na la eneobunge hurudiwa mstari baada ya mstari, hivyo faili kama hiyo hunywea mno. Programu ya gzip, iliyotolewa mwaka wa 1992, huunganisha mbinu hiyo na ile ya David Huffman ya mwaka wa 1952, ambayo huzipa herufi zinazotumika sana alama fupi. Ukurasa wa maandishi wa kilobaiti 400 unaweza kusafiri ukiwa na takriban 100 tu. Picha za JPEG hazinufaiki, kwa kuwa zilibanwa tangu zilipohifadhiwa. Kuzibana tena ni kuichosha seva bure.

Mbona basi baadhi ya tovuti hazifanyi hivyo? Seva ya Nginx, ambayo ni miongoni mwa zile zinazotumika sana duniani, hutoka kwa waundaji wake kipengele cha gzip kikiwa kimezimwa. Hata kikiwashwa, hubana kurasa za HTML pekee hadi msimamizi aorodheshe aina nyingine. Hapo ndipo wengi huteleza, kwani data za JSON, ambazo programu nyingi za simu huzitegemea, huendelea kumiminika zikiwa nzima. Mwandishi wa programu hudhani kazi hiyo ni ya msimamizi wa seva. Msimamizi naye hudhani imekwisha kufanywa ndani ya programu.

Zamani pengo hilo lilizibwa na wengine. Opera Mini, iliyoenea tangu mwaka wa 2006, ilipitisha kurasa katika seva zake na kuzibana kabla ya kuzifikisha kwenye simu ndogo. Google nayo ilikuwa na huduma ya aina hiyo ndani ya Chrome hadi ilipoifunga mwaka wa 2022. Siku hizi kurasa nyingi husafiri zikiwa zimefichwa kwa HTTPS, na mtu wa kati asiye na ufunguo hawezi kubana asichoweza kukisoma. Jukumu limemrudia mwenye seva.

Wapo wahandisi wanaosita, na hawasiti bure. Mnamo mwaka wa 2013 watafiti walifichua shambulio liitwalo BREACH, ambapo mdukuzi anayechungulia mawasiliano hupenyeza maneno yake katika ukurasa wenye siri, kisha hupima ukubwa wa jibu. Likipungua, hujua amekisia sawa. Lakini dawa yake ni kuibadilisha siri katika kila jibu, au kutobana kurasa hizo chache, wala si kuwaadhibu wasomaji wote.

Serikali inayohamishia huduma zake mtandaoni haina kisingizio. Wizara na kaunti zinapotangaza zabuni za tovuti, sharti moja lingetosha: kila jibu la maandishi litoke likiwa limebanwa, JSON ikiwemo, na lipimwe kabla ya mwanakandarasi kulipwa. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache, kwani kivinjari cha kompyuta huonyesha ukubwa wa ukurasa kando ya baiti zilizosafiri.