Hiyo gripu haitakuokoa, shika lenzi

Wasee, wacha niseme hii kitu halafu mnitukane kwa roho safi. Ukiwa na kamera ndogo ya filamu na lenzi nzito, shida yako si gripu. Shida yako ni mkono wa kushoto. Najua kwa sababu nilitoa pesa ya gripu kabla sijajua kushika kamera.

Mimi hupiga na Nikon FM2. Niliipata ikiwa mitumba mwaka ule ule niliacha chuo, na pesa ambayo mama alidhani ni ya karo (hiyo stori ni ya siku nyingine). Bodi ni kama gramu 540. Halafu nikaazima lenzi ya 180mm f/2.8, ambayo yenyewe ni kama gramu 800. Fanya hesabu. Kilichoning'inia mbele ni kizito kuliko kile kinachokishikilia, kwa hivyo kamera inainamisha kichwa kama mtu anayesinzia kwa matatu. Kiganja cha kulia kinabana, kifundo kinauma, na mkono ukichoka picha inatikisika.

Kila mtu akaniambia dawa ni gripu. Nikachukua ile ya mbao inayofungwa chini ya kamera kwa skrubu ya robo inchi, sehemu ile ya tripodi. Ilikuwa smati, siwezi danganya. Kwa picha ilitoka fiti kuniliko.

Basi nikaitwa kupiga ruracio huko Kiambu. Kama umewahi kuhudhuria unajua ile sehemu: wasichana kadhaa wanafunikwa leso gubigubi, wanapangwa mstari, na kijana anatakiwa amtambue wake. Hapo ndipo roli yangu iliisha. Sasa, kwa FM2, kile kitufe unabonyeza ndipo uweze kurudisha filamu kiko chini ya bodi. Na chini ya bodi kulikuwa na nini? Mbao yangu smati. Nilikuwa nimepiga magoti kwa nyasi nikifungua skrubu na sarafu ya shilingi moja wakati ngemi zilipoanza. Nikainua macho, leso ishatoka, watu wanacheka, yule msichana anapangusa machozi.

Mama yake alinijia baadaye, pole pole. "Mwanangu, ile ya leso uliipata?" Nikamwambia, "Hapana, mama. Samahani." Hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliuma zaidi. Nilirudisha nusu ya malipo. Na picha nilizopata kabla ya hapo? Nyingi zilikuwa na ukungu wa mtikisiko, kwa sababu ndani ya hema nilikuwa nimeshuka hadi 1/60 na lenzi ya 180. Kanuni ya zamani inasema kasi isiwe chini ya moja juu ya urefu wa lenzi, kumaanisha 1/250 kwa FM2. Hakuna mbao inayobadilisha hiyo.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa studio ya picha za pasipoti. Nilimpelekea kamera nikilalamika, akacheka. "Kijana, hii si kamera yenye lenzi. Ni lenzi yenye kamera." Akaniambia niibebe kwa kidole kimoja, nikisogeza kidole mpaka isimame sawa bila kuanguka mbele wala nyuma. Kidole kilikaa chini ya lenzi, mbali kabisa na bodi. Hapo ndipo uzito uko, na hapo ndipo kiganja cha kushoto kinafaa kukaa, kimeangalia juu, kiwiko kimebanwa kwa mbavu. Vidole vya mkono huo huo vinazungusha pete ya fokasi. Mkono wa kulia unabaki na kazi ndogo: kubonyeza na kuvuta filamu. Mimi nilikuwa nashika lenzi kutoka juu, kiwiko kimetoka nje kama bawa la kuku.

Sisemi gripu zote ni takataka. Ukitembea na kamera mkononi siku nzima, inasaidia vidole. Na kuna kitu kama MD-12, mota ya Nikon ya kuvuta filamu, ambayo inafungwa chini na ina kishikio chake. Hiyo ni gramu 410 kabla ya betri 8, kwa hivyo inarudisha uzito nyuma kweli. Lakini jumla na ile 180 unabeba karibu kilo 2, na inaweza kumaliza roli ya picha 36 kwa sekunde kumi na kitu. Wewe na bei ya filamu ya siku hizi mtaongea.

Swali ambalo hatuulizi ni kwa nini tunalazimisha lenzi kubwa kwa bodi ndogo. Maitani wa Olympus, alipotoa kamera iliyokuja kuitwa OM-1 mwaka 1972, hakupunguza bodi pekee. Lenzi zake pia zilipunguzwa. Ndio maana hizo kamera hukaa vizuri mkononi bila kuongezewa chochote.

Nilirudisha ile 180 kwa mwenyewe na kutafuta 105mm f/2.5, gramu 435. Ni nyepesi kuliko bodi. Inakubali 1/125 pale ile nyingine ilidai 1/250, na inaingiza mwanga zaidi kidogo. Ndani ya hema hiyo ni tofauti ya picha na ukungu. Ndiyo, lazima nisogee karibu na watu. Wananizoea.

Na kama lazima ubebe lenzi nzito, tafadhali ukitembea shika lenzi yenyewe, usiache kila kitu kivute ile pete inayoiunganisha na bodi.

Ile gripu ya mbao bado ninayo. Mwenye FM2 akiitaka aniambie, lakini kwanza nitakuuliza unatumia lenzi gani.