Tuonyeshwe ada ya bima inakwenda wapi

Naiunga mkono kabisa hoja kwamba tuonyeshwe ada ya bima inakwenda wapi. Hapa Marekani, tangu 2011 kampuni za bima ya afya zinatakiwa kutumia kwenye matibabu na kuboresha huduma angalau senti 80 za kila dola ya ada, ikishatolewa kodi. Kwa waajiri wakubwa ni senti 85. Zisipofikisha, zinarudisha tofauti. Ni jambo jema, ila halitoshi. Senti zinazobaki hulipia kamisheni za mawakala, uendeshaji, matangazo na faida, ilhali hati yangu ya mshahara huonyesha makato ya bima kwa kiasi kimoja tu. Sheria iliyotiwa saini Desemba 2020 inamtaka wakala anayetarajia dola 1,000 au zaidi amweleze mwajiri malipo yake. Basi na mfanyakazi anayekatwa aelezwe! Hata risiti ya dukani hutenganisha kodi na bei ya nyanya. Anayedai mchanganuo utatuchanganya anatudharau. Tukiona kamisheni imepanda na matibabu yamebaki palepale, tutajua pa kuuliza. Waheshimiwa wabunge, hapa msilegeze kamba. Mlipaji ana haki ya kujua analipia nini.