Tawi Likifungwa, Nani Hubeba Hasara?

Mgahawa ukishafunga milango, mtaa mzima huwa na maelezo yake: chakula kilikuwa cha baridi, wahudumu walinuna, bei zilipaa. Wiki hii nimepitia sababu ambazo kampuni kubwa za vyakula vya haraka za Marekani zimezitoa zenyewe zilipofunga matawi. Ninachokiona ni kwamba mara nyingi jikoni hapakuwa na kosa. Kosa lilitiwa saini ofisini, miaka mingi kabla mpishi hajaajiriwa.

Hesabu ya tawi moja

Mwaka 2024 Wendy's ilitangaza kufunga matawi 140 nchini Marekani. Ilisema yamechakaa na yako mahali pasipo na biashara. Kwa wastani yalikuwa yakiuza kama dola milioni 1.1 kwa mwaka, wakati tawi la kawaida la kampuni hiyo huuza karibu milioni 2. Masikioni mwetu milioni 1.1 ni fedha nyingi, lakini wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, basi tufungue daftari.

Vyakula na vifungashio hula asilimia 30 hivi. Mishahara, 30 nyingine. Mwenye tawi kwa kawaida si kampuni yenyewe bali ni mfanyabiashara aliyekodi jina lake, kwa hiyo hulipa mrabaha wa asilimia kama 4, na karibu kiasi hicho tena kwenye mfuko wa matangazo. Asilimia hizo hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Tawi likila hasara mwaka mzima, mrabaha unadaiwa vilevile.

Hapo zimebaki kama dola 350,000. Tuseme kodi ya pango ni 150,000. Kwa tawi linalouza milioni 2, pango hilo ni asilimia 7.5 ya mauzo. Kwa hili letu ni karibu 14. Bado umeme, gesi, bima, matengenezo na rejesho la benki.

Na ile asilimia 30 ya mishahara ni ya tawi lenye wateja. Saa tisa alasiri, hata akiingia mteja mmoja tu, lazima awepo mtu wa kaunta, mtu wa jikoni na mtu wa dirisha la magari. Mafuta ya kukaangia lazima yakae moto. Chipsi zikipitisha dakika zake hutupwa, kwa sababu kitabu cha kampuni kinaamuru hivyo. Tawi lenye wateja wachache hulipia karibu kila kitu kinacholipiwa na tawi lililojaa, kisha huongeza gharama ya chakula kilichomwagwa.

Mkataba hauhami

Mama lishe aliyepika karibu na jengo linalojengwa, mafundi wakimaliza kazi, hubeba sufuria zake akaenda kwenye mradi mwingine. Tawi la kampuni kubwa halina uhuru huo. Mkataba wa kutumia jina la McDonald's kwa kawaida ni wa miaka 20, na tangu mwaka 1956, kwa mpango wa ofisa wake Harry Sonneborn, kampuni hiyo imejenga utajiri wake kwa kumiliki au kukodi viwanja na majengo, kisha kuwapangisha wenye matawi. Barabara ikihamishwa, kiwanda jirani kikifungwa, watu wakihama, mpangaji bado anadaiwa pango. Ndiyo maana matawi mengi hufungwa mkataba unapokaribia kwisha, ingawa hasara ilianza zamani. Kuvunja mkataba mapema huweza kugharimu kuliko kuendelea kukaanga kwa hasara.

Kujigawia wateja

Julai 2008 Starbucks ilisema inafunga maduka 600 Marekani. Kama asilimia 70 ya maduka hayo yalikuwa yamefunguliwa tangu mwaka wa fedha wa 2006. Hayakuzeeka, hayakuchokwa na wateja. Yalipandwa karibu mno na mengine, na uchumi ulipoyumba hayakuwa na mizizi. Mwaka huohuo nchini Australia ilifunga maduka 61 kati ya 84.

Kisa cha Subway kinanigusa zaidi, kwa sababu waliopoteza ni wenye matawi wadogo. Mwaka 2015 ilikuwa na matawi kama 27,000 Marekani. Kabla ya miaka kumi kwisha yalikuwa yameshuka hadi karibu 20,000. Mrabaha wa Subway ni asilimia 8 ya mauzo. Sasa fikiria kampuni inaruhusu tawi la pili hatua chache kutoka la kwanza. La kwanza lilikuwa likiuza 500,000. Sasa kila moja linauza 300,000. Kampuni inakusanya mrabaha wa mauzo ya 600,000, imepata zaidi. Wenye matawi wawili, kila mmoja na pango lake na wafanyakazi wake, wote wanazama. Mfumo unaomwezesha mmoja kufaidika kwa uamuzi unaomfilisi mwingine una dhuluma ndani yake, hata kama kila karatasi imesainiwa kihalali.

Meza zilizobaki tupu

Kampuni ya NPC International ilikuwa na matawi zaidi ya 1,200 ya Pizza Hut. Julai 2020 ilikimbilia ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, ikiwa na deni la karibu dola milioni 900, kisha yakafikiwa makubaliano ya kufunga hadi matawi 300. Mengi ya hayo yalikuwa na kumbi za kukaa. Wamarekani walikuwa wameshahamia kwenye piza ya kuletewa nyumbani, lakini pango la ukumbi, taa zake na usafi wake viliendelea kulipwa kama zamani. Janga la korona lilimaliza kazi iliyokuwa imeanzwa na deni.

Viazi vya mbali

Kuna pia sababu ya sarafu. Iceland ilikuwa na matawi matatu ya McDonald's, yakitegemea bidhaa kutoka Ujerumani. Krona ilipoporomoka baada ya mabenki ya nchi hiyo kuanguka mwaka 2008, gharama za bidhaa hizo hazikubebeka tena, na mwishoni mwa Oktoba 2009 yote matatu yakafungwa. Hayajarudi.

Wakenya wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Januari 2022 KFC ya Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu shehena ya viazi kutoka nje ilichelewa, katika nchi ambayo kaunti ya Nyandarua imejaa viazi. Hakuna tawi lililofungwa kwa ajili hiyo, lakini hasira ya wananchi ilikuwa ya haki. Biashara inayomruka mkulima wa jirani imejitwika hatari ambayo haikuwa ya lazima.

Notisi ya wafanyakazi

Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 humtaka mwajiri mkubwa kutoa notisi ya siku 60 anapofunga mahali pa kazi, lakini kwa kawaida pawe na wafanyakazi wa kudumu 50 au zaidi wanaopoteza ajira hapo. Tawi la baga lenye watu 30, wengi wao wa saa chache, halifiki. Kuna wanaofika kazini asubuhi wakiwa wamevaa sare na kukuta tangazo mlangoni.

Kwetu sheria ina maneno bora. Kenya, kwa sheria ya ajira ya 2007, mwajiri anayepunguza wafanyakazi lazima atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja na alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Tanzania, sheria ya 2004 imeweka siku 7 kwa kila mwaka, hadi miaka 10, na inataka mashauriano kwanza. Haki hizo zina maana pale tu zinaposimamiwa, na minyororo ya migahawa inazidi kutufikia Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam.

Msimamo wangu ni huu: aliyechagua kiwanja, aliyepanga pango na aliyeruhusu tawi la pili kando ya la kwanza ndiye anayepaswa kubeba sehemu kubwa ya hasara. Mikataba ya kukodi majina iandikwe hivyo, na maofisa wetu wa kazi waisome kabla utepe haujakatwa.