Amana Hutangulia Mtambo



Aghalabu inaponenwa habari ya biashara ya mtandaoni katika nchi zetu, hutajwa kwanza simu, intaneti na programu, kana kwamba mwenye duka dogo akivipata vitu hivyo amekwisha kufika sokoni. Nasi katika toleo hili twadai kwamba kitangulizi cha biashara hiyo ni amana, na kwamba pasipo amana mitambo yote ni tanga lisilo na upepo.

Asubuhi moja, Kariakoo, nilimtazama muuza khanga akitandaza doti juu ya mkeka, akaipiga picha, akamtumia mteja aliyeko Mbeya. Mteja akauliza, "Dada, rangi ndiyo hii hii?" Alipojibiwa hakutuma fedha, aliomba aonyeshwe pindo, akaomba kuisikia sauti ya muuzaji, kisha akatuma nusu ya bei, akaahidi nusu ya pili mzigo utakaposhuka kwenye basi. Intaneti ilikuwapo, na M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, ilikuwapo pia. Kilichokosekana baina ya watu wawili wasioonana ni wa tatu wa kuaminiwa na wote wawili.

Wazee wetu wa pwani waliijua haja hiyo, kwani walipopeana bidhaa kwa mali kauli, yaani kwa mkopo wa neno tu, mwenye mali aliweza kungoja miezi mingi kwa sababu mdaiwa wake alikuwa na ukoo, mtaa na mdhamini. Huko China nako, soko la mtandaoni la Taobao lilipofunguliwa mwaka 2003 lilikuta wanunuzi wana shaka ile ile, na dawa yake ikawa Alipay, iliyozishika fedha za mnunuzi mpaka akiri kuwa mzigo umemfikia, ndipo muuzaji alipwe.

Kwetu, duka la mtandaoni la Jumia lilifunga shughuli zake Tanzania mwaka 2019, lakini muuza khanga wetu hakufunga. Angali akiuza kwa picha, kwa bodaboda na kwa hisani ya kondakta. Kwa hiyo yafaa tuutie nguvu mwendo aliokwisha kuuzoea: malipo ya simu yawe na njia nyepesi ya kuishika fedha hadi mzigo upokewe, kila kifurushi kipandacho basi kiwe na stakabadhi, na pawe na baraza la usuluhishi ambalo gharama yake haiizidi bei ya doti. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imekwisha kuitambua mikataba ifungwayo kwa njia ya mtandao. Lakini nani atakwenda mahakamani kwa ajili ya khanga moja?

Makala zifuatazo zisomwe kwa swali hilo moyoni. Siku mteja wa Mbeya atakapotuma bei kamili pasipo kuomba kuisikia sauti ya muuzaji, ndipo tutakapothubutu kusema kwamba soko limefunguliwa.

Mhariri